Kutoka Mrija Hadi Kiti cha Plastiki

Mara ya kwanza nilifika mpaka langoni, nikageuka. Mara ya pili nilipita kama mtu anayeenda zake, nikanunua karanga, nikarudi nyumbani. Mara ya tatu ni mvua iliyoamua. Ukiishi Kakamega unaijua, ile ya alasiri inayokuja kama mtu mwenye miadi. Ilinikuta nje ya jengo dogo nyuma ya kanisa, upande wa Amalemba, na mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na viti kumi na viwili vya plastiki vimepangwa duara, watu watano, na chupa ya chai. Mama mmoja mwenye leso ya kijani alinitazama, akasema, "Mulembe. Kaa, mwanangu. Chai ina tangawizi."

Hakuniuliza jina. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Nilikuwa na siku tisa bila pombe. Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka. Kabla sijaendelea, niseme hili: kama umekunywa kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani kama nilivyojaribu mimi. Mwili unaweza kukupiga kifafa, na watu hufa. Mimi nilipelekwa hospitali na dada yangu siku ya pili, nikapewa dawa, na ni daktari aliyeniambia nikitoka nitafute watu. "Dawa ni ya wiki hii," alisema. "Watu ni wa miaka inayokuja." Nikatoka nikijua ninachotafuta, ila sikujua kinapatikana wapi.

Nilipiga 1192, ile namba ya bure ya NACADA. Wakanisikiliza vizuri, wakanipa majina ya vituo vya matibabu. Vituo ni pesa, na mimi ni mwandishi wa kuokoteza kazi, nalipwa kwa makala, tena nikikumbusha mara tatu. Nikauliza kuhusu vikundi vya kukutana tu, vya bure. Nairobi viko vingi. Huku kwetu ikabidi niulize mwenyewe. Basi nikaanza kupigia makanisa, moja baada ya jingine. Wengine walinialika ibada. Mmoja akataka kuniombea papo hapo kwenye simu, nikamwacha aombe, salio likaisha. Kanisa la saba, mlinzi ndiye aliyepokea. Akasema, "Kuna watu fulani hukaa huku nyuma kila Jumanne. Sijui hufanya nini. Hawaimbi."

Nilidhani nimebuni njia mpya ya kutafuta msaada. Kumbe hata chama chenyewe kilianza kwa simu za namna hiyo.

Mei 1935, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa amekwama Akron, katika jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeanguka. Alikuwa na miezi mitano hivi bila kunywa. Akasimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower: upande mmoja baa yenye kelele za furaha, upande mwingine simu na orodha ya makanisa ya mji. Akachagua simu. Mchungaji mmoja akampa majina ya watu, na simu moja ikazaa nyingine, mpaka akampata Henrietta Seiberling, mama aliyemfahamu daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama kwenye chupa. Daktari huyo, Bob Smith, alikuja akisema atakaa dakika kumi na tano tu. Akakaa saa kadhaa. Wilson hakumhubiria. Alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Bob alianguka tena mara moja, kisha Juni 10, 1935 akanywa kwa mara ya mwisho maishani mwake. Siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous. Jina lenyewe lilitokana na kitabu walichochapisha mwaka 1939.

Kwa hiyo hakukuwa na jengo wala fedha za kuanzia. Walikuwa walevi wawili wanaoongea. Mpaka leo watu wawili watatu wakikutana kwa nia hiyo tayari ni kikundi, na sharti la kuingia ni moja tu: utake kuacha.

Nilipomweleza shangazi yangu haya yote, aliguna. "Hayo ni mambo ya Wazungu," akasema. "Sisi huku mtu akilewa, anaokoka au anakufa." Maneno hayo yalinikaa. Nikafanya kile ninachofanya nikisumbuka, nikaenda kusoma historia. Nilitaka kujua kama kweli kile kiti cha plastiki kilikuwa cha kigeni.

Nianzie nyumbani. Kukhu, mama yake mama, alipika busaa. Si kwa siri sana, si kwa wazi sana. Nimekua nikimwona akiuchachusha unga wa mahindi kwa siku kadhaa, kisha akiukaanga juu ya bati kwenye moto wa kuni mpaka uwe vipande vya rangi ya udongo. Anavianika, anavichanganya na maji na kimea cha wimbi, kisha anasubiri chungu kianze kunong'ona. Sisi huiita amalwa. Zamani za wazee, chungu kiliwekwa katikati, watu wakakizunguka kwa viti vya miguu mitatu, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo mwishoni. Maji moto yaliongezwa taratibu. Mnywaji hangeweza kukimbia na chungu, na hangeweza kunywa peke yake gizani. Kazi ya shamba ilipokwisha, tohara ilipokuja, mahari ilipozungumzwa, mzee alipozikwa, duara lilikaa. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti kwa Walogoli na Wabukusu miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya maisha hayo.

Sitaki kupaka asali. Duara lile lilikuwa na wakubwa wake na lilikuwa na walevi wake. Wanawake walipika na wanaume ndio walioamua nani akae. Ila lilikuwa na kitu kimoja ambacho mimi sikukipata nilipoanza kunywa: macho ya watu wanaokufahamu.

Kisha mambo yakabadilika, na yalibadilika haraka. Mwaka 1902, Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifungua misheni Kaimosi, kusini mwa hapa, upande wa Vihiga ya leo. Kwao pombe na tumbaku vilikuwa mwiko. Aliyetaka kuwa mwanachama aliacha mrija. Ukiwa Mluhya unajua matokeo yake mpaka leo: boma moja, ndugu wawili, mmoja wa kanisa na mmoja wa chungu, na kwenye matanga wanakaa chini ya miti tofauti. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hesabu zake. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubaliana Brussels mwaka 1890 kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na yakakubaliana tena mwaka 1919. Mwafrika hakuruhusiwa pombe kali ya Mzungu. Wakati huohuo, mwaka 1922, Kenya Breweries ikaanza kutengeneza bia Nairobi. George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliuawa na ndovu mwaka 1923, na ndiyo sababu chupa ya Tusker ina ndovu. Nimeshika picha ya ndovu yule mara nyingi bila kujua kwamba ni tangazo la kifo.

Halafu dhahabu. Mwaka 1931 ilipatikana hapa Kakamega, na Wazungu wakamiminika na mahema yao. Mwaka uliofuata serikali ikageuza sheria ya ardhi ya wenyeji, ile iliyoahidi kwamba haitaguswa, ili wachimbaji wapate nafasi. Mgodi mkubwa ulikuwa Rosterman, uliofungwa mwaka 1952. Jina limebaki, watu wanashuka hapo kwa boda kila siku. Maelfu ya wanaume walifanya kazi migodini kwa mshahara. Na palipo na wanaume wenye mshahara, walio mbali na mama zao na wazee wao, chungu huanza kuuzwa kwa kikombe. Anayenunua hajui nani ameketi kando yake. Akimaliza pesa anaondoka, akiwa nazo anaongeza, na hakuna mzee wa kumwambia mrija wako leo umetosha.

Chang'aa ilipita katika mwanya huohuo. Busaa huharibika kwa siku chache na chungu hakifichiki, lakini chang'aa inabebeka mfukoni, inakaa, na inalewesha upesi. Ukitaka kinywaji cha kukimbia polisi, huwezi kupata bora. Mwaka 1980 Bunge likapitisha Sheria ya Kuharamisha Chang'aa. Haikuisha. Ilijificha zaidi, na aliyejificha anaweza kukuuzia chochote. Novemba 2000, watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 makumi wengine wakafa katika kaunti kadhaa. Mwaka 2004 kampuni ya bia ilileta Senator Keg, bia ya bei ya chini iliyopunguziwa kodi, ili kuwavuta watu kutoka kwa chang'aa. Mwaka 2010 ikaja sheria ya vileo ambayo sote tunaiita sheria ya Mututho: baa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, na chang'aa ikaruhusiwa mradi itengenezwe na kufungwa kwa viwango. NACADA ikapata sheria yake mwaka 2012.

Ukizisoma sheria hizi moja baada ya nyingine, unaona kitu. Zinaongea na chungu, na chupa, na saa, na leseni. Mtu anayekunywa anaonekana kwa nadra, na akionekana ni mshtakiwa. Swali la nani atakaa naye Jumanne jioni halimo.

Mimi ni mtoto wa kegi. Nilipoenda chuo, mwaka wa kwanza, hosteli zilikuwa upande mmoja wa barabara na vibanda vya kegi upande wa pili. Karo ya muhula ule ilitoka kwa Kukhu. Nilijua pesa zilitoka wapi, zilinuka moshi. Mwaka wa pili nilikuwa nikinywa ili nilale. Mwaka wa tatu nilikuwa nikinywa ili niamke. Nilikosa mtihani mmoja, kisha mitatu, kisha nikaacha kufungua barua pepe za chuo. Sikufukuzwa. Niliyeyuka tu. Kwa miezi minane nyumbani walidhani bado nasoma, na Kukhu aliendelea kutuma pesa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona aibu hata leo kuiandika: bibi anapika pombe ili nisome, mimi nanywa karo.

Sasa nirudi kwa shangazi na Wazungu wake.

Mwaka 1927 kitu kilitokea Kaimosi. Arthur Chilson, mmoja wa wale watatu wa mwanzo, alikuwa akiongoza mikutano na kufundisha juu ya Roho Mtakatifu. Watu wakaanza kulia, kutetemeka, na kusimama mbele ya wenzao kusema dhambi zao kwa sauti. Yale ambayo mtu angeyaficha mpaka kaburini yalisemwa mchana. Chilson alipoondoka, viongozi wa misheni wakaona hili limezidi, wakalipiga marufuku. Waliokataa kuacha wakatolewa. Kutoka kwao likazaliwa African Church of the Holy Spirit. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli akaanzisha African Israel Church Nineveh, hawa unaowaona Jumapili wakiandamana kwa ngoma na kanzu na vilemba vyeupe, ambao hawagusi pombe na ambao kuungama hadharani ni nguzo ya imani yao.

Tazama miaka. Kaimosi 1927, Akron 1935. Wale wa Akron walijifunza kusimuliana makosa kutoka kwa kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, lililoanzishwa na mchungaji Mmarekani Frank Buchman. Wa Kaimosi hawakuwajua wa Akron, na wa Akron hawakujua kuna mahali paitwapo Kaimosi. Lakini katika miaka ileile, pande mbili za dunia, watu waligundua kwamba siri huua, na kwamba dawa yake ni kuisema mbele ya wengine. Huku kwetu waliogundua walikuwa wakulima na walimu wa shule za misheni, na walifukuzwa kanisani kwa sababu hiyo. Nilimpigia shangazi nikamwambia. Akanyamaza kidogo. "Babu yako mkubwa alikuwa mmoja wao," akasema. "Alikuwa akilia kanisani mpaka watoto wanamwonea haya."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Kanisani unaungama, unashangiliwa, na baada ya hapo unatarajiwa kuwa umepona. Ukianguka, umeangusha na kanisa. Kwenye viti vya plastiki hakuna anayepona. Mzee mmoja wetu ana miaka kumi na saba bila tone, na kila Jumanne anasema yale yale: "Leo sijanywa." Hasemi kesho. Nilipoanguka wiki ya sita, baada ya matanga ya rafiki, nilikaa siku nne nikiona haya kurudi. Niliporudi nilianza hotuba ndefu ya kuomba msamaha. Mama wa leso ya kijani akanikatiza, "Chai iko wapi siku hizi? Wewe ndiye ulikuwa zamu." Yakaishia hapo.

Mkutano wenyewe ni mambo machache. Mmoja anafungua, tunakaa kimya kidogo, tunasoma zile hatua kumi na mbili kwa Kiswahili ambacho kila mmoja anakirekebisha. Kisha zamu inazunguka. Hukatizwi wala hujibiwi. Ukitaka kunyamaza unasema "napita". Mtu akizidiwa na Kiswahili anahamia Kiluhya, na asiyejua Kiluhya anasikiliza sauti tu. Kuna kikopo cha mchango wa chai na umeme. Pesa ya nje haipokewi, hata ya mwanasiasa, na mmoja alishajaribu kutuletea bahasha mbele ya kamera.

Shida kubwa ni kutojulikana. Ni rahisi kusema "kinachosemwa hapa kibaki hapa" kwenye mji mkubwa. Kakamega ukipiga chafya Lurambi, Khayega wanakutakia afya. Siku ya kwanza nilipoinua macho kwenye lile duara, mmoja wa wale watano alikuwa mtu aliyewahi kunifundisha. Tulitazamana. Wote wawili tulikuwa na cha kupoteza: yeye kazi, mimi uongo wangu. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kama mwalimu na mwanafunzi wa zamani, basi. Kuna wanawake ambao hawajawahi kufika kwa sababu ya njia tu, kwa kuwa mlango unaonekana kutoka barabarani, na mwanamke akijulikana kuwa mlevi hukumu yake ni nzito kuliko yangu. Tumejadili kuhamisha mkutano. Hatujapata chumba.

Ndiyo maana nimebadilisha mambo kadhaa humu, rangi ya leso ikiwemo, na mhariri amekubali nitumie jina la kalamu. Ukifika Amalemba usianze kuhesabu makanisa. Ila kama unatafuta kwa ajili yako, piga simu ya kwanza, halafu ya pili. Muulize mlinzi, wao huona.

Mwezi uliopita nilienda kwa Kukhu kumwambia ukweli wote, karo na yote. Tulikuwa jikoni, bati liko ukutani, siku hizi hapiki sana kwa sababu ya mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mboga. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Kwa hivyo ni mimi nilikuharibu?"

Nilikuwa nimesoma miezi mitatu. Nilikuwa na Brussels mdomoni, na Rosterman, na mwaka 1980. Nilitaka kumweleza kwamba hakuna mwanamke aliyeamka tu akaamua kuuza pombe, kwamba kabla ya kikombe kulikuwa na kodi na karo na wanaume wasiorudi na mshahara. Nikasema tu, "Hapana, Kukhu. Wewe ulinisomesha. Kunywa nilikunywa mimi."

Alikaa kimya muda mrefu. Kuku wakaingia, akawafukuza. Kisha, "Na huko mnakokaa, mnafanya nini?"

"Tunakaa duara. Kila mtu anaongea kwa zamu. Wengine wanasikiliza."

"Bila kitu katikati?"

"Chai tu."

"Na ni nani anapika?"

Nikamwambia ni zamu, na kwamba Jumanne hii ni mimi. Akainuka polepole, akafungua debe lake, akanipimia majani ya chai kwenye karatasi, na kipande cha tangawizi kutoka shambani. Akasema tangawizi ya dukani haina nguvu.

Jumanne tulikuwa saba. Mmoja alikuwa mgeni, kijana, amelowa mvua, amesimama mlangoni kama mtu anayetaka kuuliza njia. Nikammiminia kikombe.

"Mulembe," nikasema. "Kaa."